Zoezi la Kumi na Nne

Siku hiyo Hamisa alianguka kabla fidla haijalia.

Mwinjuma alikuwa ndo kwanza ameibana fidla kidevuni, upinde bado uko hewani, hajagusa hata uzi mmoja, mara akasikia puu. Mdogo wake yuko chini kwenye saruji ya ghala, kanga imemziba nusu ya uso, vidole vya miguu vimejikunja kama vya mtu aliyekanyaga kaa la moto. Kwenye mchezo haijaandikwa hivyo. Kwenye mchezo bibi harusi anakaa kwenye mkeka, fidla inaanza taratibu, inapanda, inapanda, ikifika kule juu ndo pepo anamkamata, naye anadondoka. Sasa huyu kadondoka muziki haujaanza.

"Safi sana," Kaleb akasema, huku anapiga makofi. "Huyo ndo mwigizaji. Mwinju, wewe umechelewa."

Kaleb ndo alikuwa mwalimu wa kundi lao la maigizo. Miwani, daftari kwapani, maneno mengi. Mchezo kaandika yeye, na yeye ndo anapanga nani asimame wapi na nani afe lini.

"Sijachelewa," Mwinjuma akasema. "Sijaanza."

"Ndo huko kuchelewa kwenyewe."

Wakacheka. Moreto, Mmasai wa Kwaluguru aliyepewa nafasi ya mganga kwa sababu ya urefu wake na sauti yake nzito, akacheka mpaka usinga ukamtoka mkononi. Hamisa akaamka, akajipangusa vumbi, naye akacheka. Ila alipompita kaka yake kwenda kunywa maji, Mwinjuma akanusa kitu. Harufu ya tope la mtoni, lile la chini kabisa ambalo ukilichokoa kwa mti linatoa mapovu. Na kutoka pale ghalani mpaka mtoni ni mbali, uvuke reli, uvuke na mashamba.

Akanusa mikono yake mwenyewe. Mafuta ya pikipiki tu.

"Mwanzo," Kaleb akasema. "Onesho la tatu. Tunarudia."

Walikuwa wanajiandaa na mashindano ya michezo ya jukwaani Handeni mwisho wa mwezi. Ghala lenyewe lilikuwa la mkonge enzi hizo, sasa limebaki mabati na popo, lipo nyuma ya stesheni ya Korogwe. Jioni kwaya ya kanisa inalitumia, kwa hiyo wao walipewa mchana, saa saba mpaka saa tisa, jua la kuchoma kisogo, wakati ambao mtu mwenye akili zake kalala. Kwao Mnyuzi, mama yao alikuwa anawakataza kupita porini saa saba wakiwa wadogo. Anasema wenyewe wanapita. Hasemi wenyewe ni nani.

Fidla waliikuta kwenye sanduku la nguo za maigizo, lililoachwa na kikundi cha taarabu kilichokufa zamani. Ilikuwa ya mzee Athuman, marehemu, mpiga fidla wa kikundi hicho. Kwenye sanduku mlikuwa na vitabu viwili vya mazoezi. Kimoja cha kuchapwa, Kizungu kitupu na picha za vidole. Mwinjuma shule iliishia fomu tuu, Kizungu chake ni kile cha kumwelekeza abiria, kwa hiyo Kaleb akamtafsiria pembeni kwa penseli. Ukurasa wa kwanza kabisa kaandika: *Usiende zoezi linalofuata mpaka hili limekaa mkononi.* Mwinjuma hilo alilishika kuliko kitu chochote alichowahi kufundishwa. Mwaka mzima na ushee, akitoka kijiweni mchana anaegesha boda, anajifungia chumbani anasugua nyuzi, majirani wanauliza nani anachinja paka.

Kitabu cha pili kilikuwa kaunta buku la mzee Athuman mwenyewe, kaandika kwa mkono. Hakuna Kizungu, hakuna nota. Namba ya uzi, namba ya kidole, basi. Zoezi la kwanza, la pili, mpaka la ishirini. Na humo ndo Mwinjuma alipokutana na la kumi na nne. Aliposikia tu kipande cha kwanza kinatoka kwenye mkono wake nywele zilisimama. Kilikuwa kinapanda kama mtu anayepanda ngazi gizani, anapapasa, anapata, anapanda tena, halafu kule juu kinabaki kinaning'inia.

Kaleb alipokisikia akasema huu ndo muziki wa pepo wa mchezo wetu, hatutafuti mwingine.

La kumi na tano lilikuwa nyuma ya ukurasa. Gumu. Linataka mkono uteleze mpaka juu kwenye shingo ya fidla, na Mwinjuma mkono wake ulikuwa haujawahi kwenda huko. Akaona haina haja ya haraka. La kumi na nne bado halijakaa vizuri. Akaendelea nalo.

*

Nyumbani walikuwa wawili, chumba kimoja cha kupanga, pazia katikati. Hamisa alikuwa anaosha vyombo kwa mama lishe pale stendi, mchana anaomba ruhusa ya mazoezi, anarudi jioni.

Ile wiki alianza kurudi na sahani.

Mwanzo moja ya ziada. Anapika ugali na dagaa, anapakua sahani tatu. Mwinjuma akauliza nani anakuja. Hamisa akaitazama ile sahani ya tatu kama ndo anaiona, akacheka, "Nimesahau tuko wawili." Kesho yake sahani tano. Keshokutwa saba. Anazipanga chini, ukutani, anaweka tonge dogo kila sahani, halafu anakaa kuzitazama bila kula.

"Hamisa, ndo nini hii?"

"Waache wale kwanza."

"Kina nani?"

"Kaka, punguza sauti," akasema polepole, jicho ukutani. "Hawapendi kuhesabiwa."

Asubuhi matonge yapo palepale, lakini yamekauka yakawa mepesi, ukiyagusa yanavunjika kama chaki. Na chumba kinanuka tope. Mwinjuma akamwambia asiende mazoezini. Akasema naenda, nikikaa nyumbani wanachoka kusubiri. Na Mwinjuma, ukimwuliza leo, atakwambia ukweli: alijua. Alijua kitu hakiko sawa, ila mashindano yalikuwa yamebaki siku kumi na mbili, na kwa mara ya kwanza kwenye maisha yake kulikuwa na jambo ambalo watu walikuwa wanamsubiri yeye ndo lianze.

Siku ya pili yake wakakutana ghalani kama kawaida. Joto limekaa kwenye mabati mpaka yanalia yenyewe, tik, tik. Kaleb alikuwa amekasirika kwa sababu bado hajapata mwisho wa mchezo. Kila siku walikuwa wanaenda mpaka pale bibi harusi anapoanguka na mganga anauliza nani wewe, Kaleb anasema kata, anarudisha watu mwanzo.

"Mara ya mwisho," akasema.

"Umesema hivyo mara mbili, mwalimu," Moreto akasema. "Hata ng'ombe anajua akidanganywa."

"Wewe kariri maneno yako. Hapo kwenye *nani wewe* unasema kama unamuuliza konda."

Mwinjuma akaanza. Hamisa kakaa kwenye mkeka, kanga kichwani, uso chini. Fidla ikapanda ile ngazi yake, kipande cha kwanza, cha pili, ikafika pale ambapo siku zote anaanguka, na safari hii hakuanguka, alinyanyua uso tu taratibu, na popo wote waliokuwa wamening'inia kwenye dari wakatoka kwa pamoja kwenye jua la saa saba, hawapigi kelele, na ile harufu ikaja kutoka kila kona kama vile mtu amefungua mfuniko wa kisima ambacho kimefungwa miaka, na Mwinjuma akataka kuacha kupiga lakini mkono ukaenda, ukarudi, ukaenda, ukarudi, kama boda iliyokata breki kwenye mteremko, akawa anautazama tu mkono wake mwenyewe unafanya kazi huku yeye amesimama pembeni yake, na kwenye masikio yake akasikia, chini ya fidla, pumzi za watu wengi sana waliokaa karibu karibu wakisikiliza.

Upinde ukaishia juu. Kimya.

Moreto alikuwa na zamu yake, na kwa mazoea ya kurudia akaisema. "Nani wewe?"

"Tuko wengi," Hamisa akasema.

Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa ya mzee wa kiume aliyechoka, na kabla haijaisha ikaingia ya mtoto, halafu ya mwanamke. "Tunaitwa. Tunakuja. Tukifika tunakuta mmenyamaza. Kesho mnaita wengine. Hapa hapatutoshi sasa. Semeni mnachotuitia."

"Hayo siyo maneno yake," Kaleb akanong'ona.

Moreto akauweka usinga chini polepole kama mtu anayemwekea mbwa mkali mfupa. "Mimi nilikuwa naigiza tu," akasema. "Mimi ni wa kanisani, jamani. Mnaniona Jumapili."

Hamisa akamgeukia kaka yake. Midomo yake imekauka, imepasuka, na kwa nukta moja macho yakawa ya Hamisa, ya yule mtoto aliyekuwa akimbeba mgongoni kwenda shule Mnyuzi. "Kaka," akasema. "Wananikalia kifuani." Halafu akaondoka tena, mwili umekaa palepale.

*

"Yupo mzee kwetu," Moreto akasema nje, wamesimama juani. "Mzigua. Mzee Mdoe. Ng'ombe zetu zilishawahi kula mahindi yake, ndo namjua. Watu wanampelekea wagonjwa wa hivi."

"Tumpeleke hospitali kwanza," Kaleb akasema.

"Utamwambia nini daktari? Kwamba wako wangapi?"

Wakampakia Hamisa mshikaki, Mwinjuma mbele anaendesha, Hamisa katikati, Moreto nyuma kamshikilia. Kaleb akafuata na boda nyingine. Barabara ya Handeni Mwinjuma anaijua, na pikipiki yake anaijua kuliko barabara, anajua watu watatu wana uzito gani. Siku hiyo kwenye kila kilima ilikuwa inakufa. Gia ya kwanza, moshi mweusi, tairi la nyuma limelala kama limebeba lori. Moreto akamsogelea sikioni. "Usiangalie nyuma," akasema. "Wewe endesha tu."

Mzee Mdoe walimkuta uani kwake Kwaluguru anatengeneza baiskeli, spana mkononi, grisi mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huyo wa katikati mshusheni taratibu. Mwekeni kivulini, msimlaze chali."

"Unamfahamu, mzee?"

"Simfahamu. Naona alivyokaa." Akafuta mikono. "Mgonjwa wa hivi haji mwenyewe. Nani alikuwa anapiga?"

Mwinjuma akasema ni mimi. Akatoa kaunta buku kwenye begi, akaeleza: fidla, sanduku, mzee Athuman. Kwenye jina hilo mzee akamtazama vizuri.

"Mimi sisomi," akasema. "Na fidla usiitoe. Niimbie kwa mdomo, chinichini, nusu tu."

Mwinjuma akaimba. Hakufika mbali, mzee akamziba mdomo kwa mkono wenye grisi.

"Halafu?"

"Halafu linapanda mpaka juu, linaisha. Hilo ndo la kumi na nne."

"La kumi na tano linaanzaje?"

Akamwimbia vipande viwili. Mzee Mdoe akakaa chini kwenye tairi.

"Mwanangu, huo ni wimbo mmoja," akasema. "Athuman alikuwa anakaa hapo ulipo. Mimi napiga ngoma, yeye fidla. Nusu ya kwanza unampandisha anayeitwa, anakaa kwa mgonjwa, mnaongea naye, anasema shida yake. Nusu ya pili unamshusha, anaenda zake. Wanafunzi wake mikono ilikuwa inachoka, ndo akaukata katikati kwenye daftari. Ila alikuwa anakaa nao. Hakuna aliyenyanyuka kabla hajashusha."

Mwinjuma akalifunga daftari. "Kitabu kinasema usiende linalofuata mpaka hili likae mkononi."

"Kitabu gani?"

"Cha Wazungu."

Mzee akanyanyuka kwenye tairi. Akamgeukia Kaleb. "Na wewe mwenye mchezo. Kwa nini ulikuwa unawakatisha palepale?"

Kaleb akavua miwani. "Mwisho nilikuwa sijauandika, mzee."

"Mmefanya mara ngapi?"

Daftari lake Kaleb lilikuwa na kila kitu. Tarehe, onesho, wamerudia mara ngapi. Akajumlisha, akajumlisha tena. "Sitini na moja."

"Aliyekwisha kukaa hawezi kuja tena," mzee akasema. "Ukiita tena anakuja mwingine. Kwa hiyo humo ndani mna sitini na moja, na kila mmoja anataka kushushwa wake. Nani anaweza kupiga hiyo nusu ya pili?"

Mwinjuma akatazama vidole vyake.

*

Mzee akampa siku nne. Akasema zaidi ya hapo mwili wa mtu unazoea, na ukishazoea mwenyewe anasahau njia ya kurudi.

Siku nne Mwinjuma alikaa nyuma ya nyumba ya mzee na zoezi la kumi na tano. Alilichukua kipande kwa kipande kama kitabu kilivyomfundisha, kwanza taratibu bila upinde, vidole tu, halafu na upinde, halafu anaunga. Mkono uliteleza ukapitiliza, ukateleza ukapungua. Ngozi ya vidole ikatoka, ikaota, ikatoka. Moreto alikuwa anamletea maziwa na kukaa naye bila kusema, na akisema anasema utani wa kijinga ambao Mwinjuma alishukuru kuupata. Kwenye kibanda Hamisa alikuwa amekaa hajalala, na mke wa mzee akimpelekea uji anatoka na kichwa kimeinama, anasema wameanza kugombania nafasi.

Alhamisi, jua limeanza kulegea, mzee akamtoa Hamisa uani, akamkalisha kwenye mkeka. Akaweka beseni la maji na bakuli la mahindi, punje sitini na moja, Kaleb kazihesabu. Akachukua ngoma.

"Ukianza huachi," akasema. "Ukikosea rudi mwanzo wa hiyo hiyo, usiiruke. Na chochote utakachosikia kinaongea na wewe, jibu kwa mkono."

Mwinjuma akapiga. Ya kwanza ilitoka mbaya, imepinda, lakini ikashuka, ngazi ile ile sasa mtu anateremka, na ilipofika chini Hamisa akatoa pumzi moja ndefu ambayo haikuwa yake, ile harufu ikapita katikati yao kama mtu anayeaga, na mzee akadondosha punje kwenye maji. Punje ikazama. Ya pili. Ya tatu. Kwenye kumi wakaanza kuongea, huyu anaomba, huyu anatukana kwa Kizigua cha zamani, huyu analia kitoto kwamba ameletwa hapa, na mama yake bado yuko kwenye mkeka, na Mwinjuma anajibu kwa mkono, vidole vinavuja damu kwenye nyuzi, shingo imekakamaa, anapiga, anateremsha, anapiga, jua linashuka na yeye anashuka nalo, arobaini, arobaini na moja, na kila mmoja akitoka uso wa Hamisa unarudi kidogo kama picha inayopanguswa vumbi, na wa hamsini na tisa alikuwa mzee yule aliyechoka, aliyesema asante tu, na sitini, na wa mwisho aliposhuka adhana ya magharibi ilikuwa inaanza upande wa kijijini.

Punje ikazama.

Hamisa akaanguka, na safari hii alianguka kama mtu aliyechoka. Akafungua macho. "Kaka," akasema. "Nina njaa. Kuna kitu?"

Kaleb akageuka ukutani akalia. Moreto akasema, "Huyo ndo Hamisa, namjua kwa tumbo."

Wakampa uji, akanywa vibakuli viwili, akaomba na chumvi. Mwinjuma akakaa kwenye tairi la baiskeli, mikono juu ya magoti, hana hata nguvu ya kufurahi. Mzee Mdoe akaja kukaa karibu yake.

"Umefanya kazi," akasema. "Nilikuwa sitegemei."

"Asante, mzee."

"Nikuulize. Hapo kabla, nyumbani ulikuwa unafanya mazoezi?"

"Kila siku."

"Hilo la kumi na nne?"

"Hilo hilo. Kutoka Machi."

"Dada yako akiwepo?"

"Anakuwa kazini. Nakuwa peke yangu, nimefunga mlango."

Watu pale uani wanacheka, Moreto anamwigiza Kaleb anavyosema kata.

"Mara ngapi?" mzee akauliza.

Mwinjuma akafungua kaunta buku. Pembeni ya zoezi alikuwa akichora kistari kila akimaliza, ili ajue amefikia wapi, vitano vitano kama wanavyohesabu magunia. Akaanza kuhesabu kwa kidole chenye damu. Alipofika mia kidole kikaanza kwenda polepole. Mia na hamsini na mbili.

"Lakini mimi sina kitu, mzee," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nakula. Nalala. Sijaanguka hata siku moja."

"Wa dada yako walikuwa wageni, wameingizwa sehemu hawaijui, ndo maana ile fujo," mzee akasema. "Hawa wako uliwaita wewe mwenyewe, kwako mwenyewe, mlango umefunga. Hawana haraka. Wanazoea nyumba kwanza. Ile siku ghalani, mkono wako ulikuwa wako?"

Mwinjuma akauangalia mkono wa upinde juu ya goti. Umetulia. Umetulia sana.

"Basi nishushe," akasema. "Nipige tena. Nitapiga usiku kucha."

"Aliyekaliwa hajipigii. Ukijipigia unawasogeza tu chumba kwa chumba."

"Nani apige sasa?"

"Mpiga fidla huku alikuwa Athuman. Wanafunzi wake nimewazika." Mzee akamtazama Hamisa anavyoramba kijiko. "Wewe ilikuchukua muda gani kufika la kumi na tano?"

"Mwaka na zaidi."

"Na huyu ana akili za darasani?"

"Kunizidi."

"Aanze kesho," mzee akasema. "Na afike la kumi na tano bila kuligusa la kumi na nne."

*

Handeni kundi lilienda na ngoma tu. Kaleb akaandika mwisho kwa usiku mmoja, wakashika nafasi ya nne, hakuna aliyejali.

Hamisa sasa asubuhi kabla ya kwenda stendi, na akitoka mchana, anakaa kwenye kigoda, kitabu cha kuchapwa kimeegemezwa ukutani, kaunta buku limefungwa kwa kamba ya viatu, amelifungia kwenye begi la shule lenye kufuli, funguo anavaa shingoni. Mwinjuma anakaa kitandani. Boda kampa Moreto aendeshe, kwa sababu kuna siku alijikuta njia ya mtoni na abiria nyuma analia.

Anayo masaa yake. Asubuhi ni mzima, anamrekebisha Hamisa kiwiko, anamwambia upinde usiukandamize. Kuanzia saa saba anakuwa haongei sana. Anasikia watu ndani yake wanasogea, wanapeana nafasi, kama ukumbini kabla mchezo haujaanza.

Siku ya kumi na tisa ya kujifunza Hamisa alikuwa kwenye zoezi la tatu. Anakwama palepale, kidole cha pili, anarudi, anakwama.

"Unachelewa hapo," Mwinjuma akasema. "Ruka. Nenda tu la kumi na nne, lile lina raha, mkono utafunguka wenyewe."

Hamisa akashusha fidla. Hakugeuka mara moja.

"Kaka. Ni wewe unayesema?"

Alitaka kumwambia hapana. Alitaka kumwambia kuanzia leo usiniamini, nikiongea toka nje, funga mlango. Maneno aliyapanga yote, akayaona, yapo, akafungua mdomo.

"Ni mimi, mdogo wangu," mdomo ukasema, kwa upole kabisa, sauti ile ile aliyokuwa akimbembelezea alipokuwa mgongoni. "Nani mwingine? Lete funguo nikufungulie."

Hamisa akamtazama muda mrefu. Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Akanyanyuka, akachukua pamba kwenye kiboksi cha vipodozi vyake, akaisokota vipande viwili, akaziba sikio la kulia, akaziba la kushoto, akazikandamiza kwa vidole mpaka zikakaa. Akarudi kwenye kigoda, akageukia ukuta, akaweka fidla kidevuni, akaanza zoezi la tatu kutoka mstari wa kwanza, anafuata picha za vidole kwa macho.

Uzi wa pili ulikuwa umelegea. Kila akiupitia fidla inalia chini ya pale inapotakiwa, na yeye hasikii, anaendelea.